Kuacha kazi na kuachishwa kazi: somo la Kiswahili kwa wanaosomea usimamizi wa rasilimali watu

Makala hii inahusu kiambishi kimoja kidogo, -ish-, na jinsi kukosekana kwake kulivyomweka mtu mmoja katika hatari ya kupoteza malipo ya siku 56 za kazi. Ninaiandika kwa wenzangu wa kitivo chetu, na pia kwa wanafunzi wa usimamizi wa rasilimali watu. Hao hutoka chuoni na shahada waliyoisomea kwa Kifaransa kuanzia somo la kwanza hadi la mwisho, kisha huketi ofisini mbele ya watu ambao mambo yao ya kazi huyazungumza kwa Kiswahili.

1. Tukio

Dada yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita Yaya, yuko mwaka wa tatu wa lisansi katika usimamizi wa rasilimali watu. Somo la sheria ya kazi alilipita kwa alama nzuri kuliko masomo yake yote. Mwaka huu alifanya staji ya miezi miwili katika ofisi ya watumishi ya kampuni moja hapa Lubumbashi. Juma la tatu, mkuu wake alimpa karatasi na kumwambia: «Yule mzee hasomi Kifaransa vizuri. Mweleze kwa Kiswahili, halafu atie sahihi.»

Mzee huyo alikuwa mlinzi aliyekwisha kutimiza miaka sita ya kazi. Yaya alimkaribisha, akampa kiti, akamwambia: «Baba, hii ni mukanda ya kuacha kazi. Utie mukono hapa.» Mzee aliuliza kama hesabu yake itafuata. Yaya alijibu kwamba bila shaka itafuata. Mzee akatia sahihi, akashukuru, akaenda.

Jioni Yaya alinisimulia habari hiyo tukiwa tunakula. Hakuwa na wasiwasi wowote. Alitaka tu kunionyesha kwamba ameanza kupewa kazi ya kweli. Mimi, kwa mazoea ya idara yetu, nilimwuliza: «Kuacha, au kuachishwa?» Alinyamaza. Halafu akasema kwamba juu ya karatasi ile kulikuwa kumeandikwa «lettre de démission».

Kwa hiyo karatasi haikusema kwamba kampuni inavunja mkataba. Ilisema kwamba mzee mwenyewe ndiye anayeuvunja. Na mzee, tulivyojua baadaye, aliondoka akiamini kwamba amepokea habari ya uamuzi wa kampuni.

2. Shahada hii inafundisha nini

Kabla ya kuchambua maneno, inafaa tujue mwanafunzi wa fani hii anapitia njia gani. Katika mfumo wa zamani wa nchi yetu mtu alisoma miaka mitatu ya graduat, kisha miwili ya lisansi. Katika mfumo wa LMD, uliosambazwa katika vyuo vyetu kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, lisansi ni miaka mitatu yenye kredi 180, na master ni miaka miwili yenye kredi 120.

Ndani ya miaka hiyo mwanafunzi hufundishwa jinsi ya kutafuta na kuchagua watumishi, kueleza majukumu ya kila cheo, kuandaa mishahara, kupima utendaji, kupanga mafunzo, na kushughulikia migogoro. Hufundishwa pia sheria ya kazi, hifadhi ya jamii, saikolojia ya kazi na takwimu. Mwishoni hufanya staji na kuandika kazi ya kumaliza masomo. Ni masomo mazito, na sidhani kwamba yana upungufu wa elimu.

Upungufu ninaouona uko mahali pengine. Katika orodha ya masomo aliyonionyesha Yaya, lugha zilizomo ni Kifaransa na Kiingereza. Hakuna saa hata moja inayomfundisha kumweleza mtumishi, kwa lugha ya mtumishi huyo, maana ya karatasi anayoitia sahihi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwamba Kifaransa ndiyo lugha rasmi, na kwamba Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba ni lugha za taifa. Mkataba huandikwa kwa lugha rasmi, lakini mara nyingi hueleweka, au hukosa kueleweka, kwa lugha ya taifa. Kati ya lugha hizo mbili anakaa afisa wa watumishi, ambaye hakuna aliyemfundisha kuvusha maana kutoka upande mmoja hadi mwingine.

3. Sheria inasema nini

Sheria ya kazi ya nchi yetu ni ile nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa na sheria nambari 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016. Kwa mkataba usio na mwisho uliowekwa, sheria inataka anayeuvunja amwarifu mwenzake kwa maandishi. Kama anayeuvunja ni mwajiri, lazima ataje sababu, nayo iwe sababu halali: uwezo wa mtumishi, mwenendo wake, au mahitaji ya uendeshaji wa kampuni.

Kisha kuna taarifa ya mapema, ambayo Kifaransa huiita «préavis». Mwajiri akivunja mkataba, taarifa hiyo haiwezi kupungua siku 14 za kazi, na kila mwaka mzima wa utumishi unaongeza siku 7 za kazi. Mtumishi akivunja mwenyewe, muda wake ni nusu ya ule ambao mwajiri angepaswa kuutoa. Yeyote atakayevunja mkataba bila kutimiza muda huo lazima amlipe mwenzake fidia inayolingana na malipo ya siku zilizokosekana.

Tufanye hesabu ya mzee wetu, aliyetimiza miaka sita:

(a) Kampuni ikimwachisha kazi: 14 + (6 × 7) = siku 56 za kazi. Ikimwondoa siku hiyohiyo bila kosa zito, inamdai yeye kitu? La. Yeye ndiye anayeidai kampuni malipo ya siku 56.

(b) Mzee akiacha kazi mwenyewe: 56 ÷ 2 = siku 28 za kazi. Akiondoka siku hiyohiyo, yeye ndiye anayedaiwa na kampuni malipo ya siku 28.

Mzee ni yuleyule, na siku ni ileile. Kilichobadilika ni jibu la swali moja: nani aliyeanzisha? Mtu huyo anaweza kutoka katika ofisi hiyo akiwa mdai au mdaiwa, kulingana na jibu hilo.

4. Sarufi inasema nini

Ajabu ni kwamba Kiswahili kina chombo kamili cha kujibu swali hilo. Kitenzi «acha» kina mtenda mmoja. Tukikiongeza kiambishi cha kusababisha tunapata «achisha»: mtu mwingine ndiye anayefanya tendo la kuacha litokee. Tukiongeza -w- tunapata «achishwa»: mwenye kutendewa anakaa mahali pa kiima.

(1) Ninaacha kazi.
(2) Kampuni inaniachisha kazi.
(3) Ninaachishwa kazi na kampuni.

Sentensi (1) ndiyo «démission». Sentensi (2) na (3) ndizo «licenciement». Kifaransa kinatumia maneno mawili yasiyofanana hata kidogo, na asiyekijua hawezi kubahatisha tofauti yake. Kiswahili kinatumia shina moja na kuonyesha tofauti ndani ya neno lenyewe. Mtoto wa Kamalondo au wa Kenya hahitaji kwenda chuoni ili ajue kwamba kula si sawa na kulisha.

Sasa turudi kwenye maneno ya Yaya: «mukanda ya kuacha kazi». Kosa lake halikuwa kuchagua kitenzi kibaya, kwa sababu «kuacha kazi» kweli ni tafsiri ya «démission». Kosa lilikuwa kutumia kitenzi-jina. Kitenzi-jina hakibebi kiambishi cha nafsi. «Kuacha» hakisemi ni mimi, ni wewe, wala ni wao. Mzee alisikia maneno yanayotaja kazi inayofikia mwisho, na mtenda aliyekosekana akamjaza mwenyewe kwa kufuata hali aliyoiona: ameitwa ofisini, hakuomba kitu, karatasi imeandaliwa na wengine. Mtu yeyote mwenye akili timamu angefikiri kwamba wanaoamua ni wao. Kwa hiyo Yaya na mzee walisema maneno yaleyale na kila mmoja akabaki na sentensi yake kichwani.

Kama Yaya angesema: «Baba, karatasi hii inasema hivi: mimi naacha kazi kwa kupenda kwangu, kampuni hainifukuzi», nina hakika kalamu isingegusa karatasi.

Kutokana na hayo ninapendekeza kanuni tatu kwa afisa yeyote wa watumishi:

Kanuni ya kwanza: usieleze hati ya kazi kwa kitenzi-jina. Tumia kitenzi chenye nafsi na wakati: ninaacha, inakuachisha, tumekubaliana.

Kanuni ya pili: ukitumia hali ya kutendwa, mtaje mtenda. «Umeachishwa kazi» peke yake bado inaficha mtu. «Umeachishwa kazi na kampuni» haifichi.

Kanuni ya tatu: mwombe mtumishi aseme tena kwa maneno yake mwenyewe yale aliyoyaelewa. Kiambishi cha nafsi atakachokitumia kitakuonyesha kama ameelewa.

5. Maneno mengine yanayohitaji uangalifu

Kusimamisha. Kwa wengine «wamemsimamisha kazi» maana yake ni kwa muda: mkataba upo, ila utekelezaji wake umesimama. Kwa wengine maana yake ni mwisho. Sheria inatenganisha mambo hayo mawili kabisa. Aliyesimamishwa anangoja kurudi. Aliyeachishwa anapaswa kudai haki zake na kutafuta kazi nyingine. Kwa hiyo tuseme daima «kusimamishwa kwa muda», na tutaje siku ya kurudi.

Kufukuza. Hapa mjini neno hili hutumika kwa kila anayepoteza kazi. Lakini lina harufu ya kosa. Mtumishi aliyeondolewa kwa kosa zito huondoka bila taarifa ya mapema. Aliyepunguzwa kwa sababu ya hali ya kampuni hakufanya kosa lolote na haki zake zinabaki. Kumwita wa pili «aliyefukuzwa» ni kumvunjia jina mbele ya majirani, na pia ni kumfanya mwenyewe aamini kwamba hana cha kudai. Kwa wa pili tuna neno zuri: amepunguzwa.

Onyo. Nimesikia «préavis» ikitafsiriwa kuwa onyo. Lakini onyo ni adhabu anayopewa mtu aliyekosa. Mtumishi akiambiwa kwamba amepewa «onyo la siku 35», ataanza kujitetea badala ya kuhesabu siku zake. Ninapendelea «taarifa ya mapema». Wenzetu wa Tanzania na Kenya husema «notisi», neno linalofahamika huko lakini si hapa kwetu.

Siku. Siku 14 za kazi si majuma mawili. Siku ya mapumziko ya juma na sikukuu hazihesabiwi. Anayetafsiri «jours ouvrables» kwa neno «siku» tu amemwibia mtumishi bila kujua.

Konje. Likizo ya mwaka tunaiita konje, na kila mtu anaifurahia. Lakini kuna kile Kifaransa hukiita «congé technique», yaani kazi inasimama kwa sababu kampuni haina la kufanya kwa muda huo. Nimeona tafsiri «likizo ya kiufundi», ambayo haina maana yoyote kwa fundi wala kwa asiye fundi. Si likizo, ni kusimama kwa kazi kwa muda. Tuseme hivyohivyo.

Posho. Neno hili lina historia katika mji wetu. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwapa wafanyakazi wake mgao wa chakula, na mgao huo ndio uliokuwa posho. Nchini Uganda posho ni chakula chenyewe, ugali wa mahindi. Nchini Tanzania ni fedha za nyongeza, kwa mfano za safari. Leo watumishi kutoka nchi mbalimbali hukutana katika migodi ya Katanga, na neno moja ndani ya mkataba linaweza kuahidi gunia la unga kwa mmoja na noti kwa mwingine. Hapo afadhali kueleza kitu chenyewe kuliko kutegemea neno.

6. Rasilimali watu, au watumishi?

Jina la shahada yenyewe linahitaji kuangaliwa. Kiswahili sanifu kinasema «usimamizi wa rasilimali watu». «Rasilimali» lilitoka katika Kiarabu, ambako maneno yake ya asili yana maana ya kichwa cha mali, yaani mtaji. Linafuata wazo lilelile la Kifaransa: mtu ni mali ya kampuni kama mashine na fedha. Mlinzi wa Lubumbashi akilisikia, hatalielewa. Na akielezwa, huenda asilipende.

Sisi tuna kitenzi chetu. Katika Kiswahili sanifu «kutumika» ni kufaa kwa matumizi au kutumikia; katika Kiswahili cha Kongo «kutumika» ni kufanya kazi. Mtu husema «ninatumika kwenye mgodi» bila kumaanisha kwamba anatumiwa kama jembe. Kutoka shina hilo tunapata «mtumishi», neno linaloeleweka hapa na pia Tanzania, ambako serikali ina Menejimenti ya Utumishi wa Umma chini ya Ofisi ya Rais. Katika vitabu tuendelee kuandika «rasilimali watu», kwa sababu ndiyo istilahi ya fani. Mlangoni kwa ofisi, afadhali iandikwe «Ofisi ya watumishi».

Kuna mtu atakayesema kwamba ninabishana juu ya maneno tu. Namkumbusha mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wa Gécamines walipoondoka katika mpango ulioitwa «départs volontaires», yaani kuondoka kwa hiari, baada ya miezi mingi ya mishahara isiyolipwa. Katika nyumba nyingi za mji huu hadi leo watu hujadili neno moja la jina hilo: hiari. Wanajua vizuri kwamba swali la nani aliacha na nani aliachishwa si swali la wanasarufi peke yao.

7. Pendekezo

Siombi masomo ya usimamizi yafundishwe kwa Kiswahili kuanzia kesho. Vitabu havipo, na sheria yenyewe imeandikwa kwa Kifaransa. Ninaomba mambo mawili madogo.

La kwanza ni saa 30 za Kiswahili cha kazi katika mwaka wa tatu, kabla ya staji: kueleza mkataba, karatasi ya malipo, adhabu, likizo na mwisho wa kazi. Mwanafunzi apimwe kwa mdomo, mbele ya mtu asiyejua Kifaransa.

La pili linatuhusu sisi. Wanafunzi wa lugha za Kiafrika hutafuta mada za kazi za kumaliza masomo kila mwaka, na mara nyingi tunakimbilia methali na majina ya watu. Msamiati wa ofisi za watumishi haujakusanywa vya kutosha. Tukae na walinzi, madereva, wapishi na wachimbaji, tuandike wanavyosema, kisha tukae na wenzetu wa sheria na wa usimamizi tuhakikishe kwamba kila neno linabeba maana ya sheria bila kumwaga.

Kuhusu mzee: kesho yake Yaya alimweleza mkuu wake kwamba hakueleza karatasi sawasawa. Alijibiwa kwamba jambo limekwisha. Jioni hiyo tulikwenda naye hadi nyumbani kwa mzee. Yaya alipiga magoti kidogo, kama tulivyofundishwa, akasema: «Baba, unisamehe. Jana sikukuambia vizuri. Karatasi inasema ni wewe ndiye unaacha kazi.» Mzee alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: «Mimi siachi kazi. Wananiachisha.» Aliweka -ish- mahali pake bila kufundishwa na yeyote.

Yaya alimwandikia barua kwenda kwa mkaguzi wa kazi, kwa sababu mgogoro wa mtu mmoja na mwajiri lazima upitie kwanza kwa mkaguzi ili asuluhishe, kabla ya kufika Mahakama ya Kazi. Katika barua hiyo alieleza maneno aliyoyasema siku ile, neno kwa neno, akatia sahihi yake. Ripoti yake ya staji bado haijatiwa sahihi na kampuni, na bila ripoti hiyo hawezi kutetea kazi yake ya kumaliza masomo. Hadi ninapoandika, mzee na Yaya wote wawili wanangoja.

Mazoezi

1. Tafsiri kwa Kiswahili kinachoeleweka na mlinzi, ukitumia vitenzi vyenye nafsi: «démission», «licenciement», «mise à pied», «faute lourde», «congé technique».

2. Mtumishi ametimiza miaka mitatu ya kazi katika mkataba usio na mwisho. Hesabu siku za taarifa ya mapema kama (a) kampuni inamwachisha, (b) yeye anaacha. Kisha eleza jibu lako kwa mdomo bila kutumia neno lolote la Kifaransa.

3. Chukua hati moja ya kazi ya mtu wa nyumbani kwenu, kwa ruhusa yake. Mwombe akueleze maana yake. Andika viambishi vya nafsi anavyovitumia, na ulinganishe na hati inavyosema.